Mnara wa Uru Haukujengwa Kuifikia Mbingu

Mwulize mtu aliyelelewa katika shule ya Jumapili minara ya kale ya Sumeri ilikuwa ya nini, atakujibu bila kusita: watu walitaka kufika mbinguni, Mungu akawachafulia lugha. Mwulize aliyekulia chuoni kwa maalim, atakutajia Namrudi na kiburi chake. Mwulize kijana anayeshinda kwenye simu, atakusimulia Waanunaki walioshuka kutoka sayari nyingine wakawafunza binadamu kujenga. Watatu hao hawaafikiani katika mengi, lakini hapa wameketi mkeka mmoja. Wote wanaamini kwamba zigurati, yaani mnara wa namna hiyo, ilikuwa njia ya kupandia juu. Wote wanaamini pia kwamba waliokanyaga udongo wake na kubeba matofali yake walikuwa mikono tu: ama mikono ya watumwa chini ya kiboko cha mfalme, ama mikono ya wajinga waliotumwa na wenye akili kutoka kwingineko.

Naupinga mtazamo huu, na siupingi kwa kupenda ubishi. Unawanyang'anya watu wa kale kazi yao wenyewe, na unatuzoesha kutazama jengo kubwa la zamani na kuuliza ni nani mwingine aliyelijenga. Tena hauna haja ya kuwepo, maana wajenzi wametuachia ushahidi mwingi kuliko tulivyostahili: matofali yenye mihuri, mbao za udongo zenye hesabu za posho, sanamu zilizofukiwa chini ya misingi. Ushahidi huo wote unasema jambo moja. Zigurati ilikuwa kitako cha nyumba. Ilikuwa jukwaa la kuinulia makao ya mungu ambaye watu wa mji waliamini anaishi nao, anakula nao na anamiliki mashamba kama mwenye mji. Safari iliyokusudiwa haikuwa ya mtu kwenda juu kwa mungu. Mungu ndiye aliyekaribishwa akae mjini.

Wanaoshikilia hadithi ya ngazi ya mbinguni huanzia mwishoni, kwenye mnara uliokwisha kamilika, kisha wakakisia nia ya aliyeujenga. Tuanzie mwanzoni, Eridu, kusini kabisa mwa Iraki. Kati ya mwaka 1946 na 1949, Fuad Safar na Seton Lloyd walichimba pale kwa niaba ya idara ya mambo ya kale ya Iraki. Chini ya pembe ya zigurati iliyobomoka walikuta hekalu. Chini ya hekalu hilo, hekalu jingine. Chini yake, jingine tena, hadi wakahesabu tabaka 18 za ujenzi. Katika tabaka za chini kabisa, zenye umri wa zaidi ya miaka 7,000, walikuta chumba kidogo cha matofali ya udongo chenye upana wa kama mita 3, kikiwa na shubaka ukutani na meza ya kuwekea sadaka. Basi. Nyumba ya mungu ilianza ikiwa ndogo kuliko sebule zetu nyingi.

Nini kilitokea baadaye? Hekalu lilipochakaa, halikubomolewa na kifusi chake kutupwa. Kuta zilisawazishwa, vyumba vikajazwa udongo na matofali, na hekalu jipya, kubwa kidogo, likasimama juu ya lile la zamani. Mahali palipokwisha kutakaswa hapakuachwa. Karne kwa karne kilima kiliinuka, si kwa sababu kuna mtu aliyeamka siku moja akasema tujenge mnara, ila kwa sababu kila kizazi kilikataa kuitupa nyumba ya wazee wake. Katika mojawapo ya mahekalu hayo walikuta mifupa mingi ya samaki, mabaki ya sadaka kwa mungu aliyehusishwa na maji matamu, katika mji uliokaa kando ya mabwawa. Watu walimletea chakula walichokula wao. Ukitafuta chimbuko la zigurati, lipo hapo, katika chumba cha mita 3 kilichonuka samaki.

Mji wa Uruk uliendeleza jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Kabla ya mwaka 3000 KK hekalu lililopakwa chokaa, lenye urefu wa kama mita 22 na upana wa 17 na ushei, lilikaa juu ya jukwaa lenye kimo cha kama mita 13. Nchi ile ni tambarare. Aliyetoka mashambani au aliyekuja kwa mtumbwi aliiona ile nyumba nyeupe kabla hajauona mji. Jukwaa lilikuwa la kuibeba nyumba, na nyumba ndiyo iliyokuwa na maana. Tukifika kwa Ur-Nammu, mfalme wa mji wa Uru aliyetawala karibu na mwaka 2100 KK, tayari desturi ilikuwa na umri wa miaka elfu kadhaa. Alichofanya yeye ni kuipa umbo la ngazi ngazi tunalolifahamu.

Mnara wake, aliomjengea Nanna, mungu mwezi, bado upo. Sehemu ya chini ina urefu wa zaidi ya mita 60 na upana wa zaidi ya 40, na kimo cha kama mita 11. Juu yake palikuwa na daraja mbili ndogo zaidi, na juu ya zote nyumba ya mungu. Upande wa kaskazini-mashariki ngazi tatu, kila moja ya vidato kama 100, zinakutana langoni juu ya daraja ya kwanza. Leonard Woolley alichimba Uru kuanzia 1922 hadi 1934 kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza na lile la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na ndiye aliyetupa vipimo na maelezo tunayoyategemea mpaka leo. Msomaji ajue pia kwamba uso ule nadhifu anaouona kwenye picha, ngazi na ukuta wa mbele, kwa sehemu kubwa ni ukarabati wa serikali ya Iraki wa miaka ya 1980. Ukongwe wenyewe uko nyuma yake.

Basi tuutazame kwa jicho la fundi mwashi, maana fundi hadanganyiki upesi. Nchi ya Sumeri haina mawe ya kujengea wala misitu ya mbao ndefu. Ina udongo wa mto, ina matete ya mabwawani, na kupanda juu ya mto Frati, kule Hit, ina lami inayochuruzika yenyewe kutoka ardhini. Kwa vitu hivyo vitatu ilibidi mtu ajenge kilima kitakachodumu. Yeyote aliyewahi kukandika nyumba ya udongo akaiona baada ya masika anajua shida iko wapi. Adui ni maji: yale yanayonyesha juu, yale yanayopanda kutoka chini, na yale yaliyobaki ndani ya udongo wenyewe.

Mafundi wa Uru walijibu yote matatu. Kiini cha mnara walikijenga kwa matofali mabichi yaliyokaushwa juani, kwa sababu kuchoma matofali ya kilima kizima kungemaliza kuni na matete ya nchi nzima. Kisha wakakivika kiini hicho ganda la matofali ya kuchoma lenye unene wa kama mita 2 na nusu, wakiyaunganisha kwa lami ambayo maji hayaipenyi. Kuta hazikusimama wima. Ziliinamia ndani kidogo, na ziliwekewa mbavu pana ili uzito wa udongo usizisukume nje. Halafu kuna matundu. Kwenye ganda lile la nje yamepangwa, safu kwa safu, matundu membamba yanayopenya mpaka kwenye kiini. Woolley aliyafikiria sana. Alidhani juu ya daraja zile palipandwa miti, na kwamba matundu yalitoa maji ya kumwagilia. Wengi waliokuja baada yake wameona sababu iliyo rahisi zaidi: udongo mbichi uliofungiwa ndani ya lami hubaki na unyevu, unyevu huvimbisha kiini, na kiini kilichovimba hupasua ganda, kwa hiyo jengo liliachiwa mahali pa kupumulia. Naegemea upande huu wa pili, kwa kuwa ndiyo shida ambayo kila mjenzi wa udongo anaijua. Lakini hata ukimfuata Woolley, unaishia palepale: aliyetoboa matundu yale aliwaza miaka 100 ijayo, na miaka 100 mingine baada ya hiyo.

Matete nayo yalikuwa na kazi. Aqar Quf, karibu na Baghdad, ambako mfalme Kurigalzu alijenga zigurati katika karne ya 14 KK, kiini kimebaki uchi kwa kuwa ganda lake lilishaondoka. Pale unaona kwa macho: baada ya kila safu kadhaa za matofali kuna mkeka wa matete uliotandazwa, na kamba nene za matete zimepita ndani ya jengo kulishika pamoja. Mikeka ile imetokeza nje ya udongo hadi leo, baada ya miaka zaidi ya 3,000.

Huo si ufundi wa watu waliokuwa na haraka ya kwenda mahali. Jengo zima limekusudiwa kukaa, kubeba na kukarabatiwa. Na tukija kwenye kimo, hesabu yenyewe inaipinga hadithi. Zigurati ya Uru ilipokamilika haidhaniwi kuwa ilizidi mita 30 kwenda juu, kama jengo la ghorofa tisa au kumi. Wakati huo piramidi ya Khufu huko Misri, yenye kimo cha mita 146, ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 400. Kama shabaha ingekuwa kimo, Wasumeri wangepunguza upana wa daraja na kunyoosha mnara. Badala yake walijenga kitu kipana, kizito, chenye kutulia, kwa sababu kitako cha nyumba ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa wafalme wenyewe waliandika kwamba vichwa vya mahekalu yao vinashindana na mbingu. Ni kweli, waliandika. Nabopolassar wa Babeli, karne nyingi baadaye, alisema hivyo juu ya mnara wa mji wake. Lakini soma anachoendelea kusema: kazi ile aliagizwa na mungu wake, Marduk, na aliifanya kwa kuinamisha shingo, akibeba udongo na matofali kichwani mwake na kumbebesha hata mwanawe wa kwanza, Nebukadreza. Maneno ya kuifikia mbingu ni sifa kwa nyumba ya mungu, kama tunavyosifu msikiti au kanisa kwa kusema minara yake inagusa mawingu. Asi hajengi kwa agizo la yule anayemwasi.

Nadharia nyingine hazihitaji muda mrefu. Wanaosema zigurati ni kaburi kama piramidi wanasahau kwamba mnara wa Uru umejaa udongo ndani. Hauna chumba cha maiti. Wafalme wa Uru tunajua walizikwa wapi. Woolley alifukua makaburi 16 aliyoyaita ya kifalme, likiwemo la Malkia Puabi, na yote yalikuwa chini ya ardhi, yakiwa yametangulia mnara wa Ur-Nammu kwa takriban miaka 500. Wanaosema palikuwa kimbilio la gharika wangetuonyesha maghala ya chakula kule juu. Wanaosema ni kituo cha kutazamia nyota wanachanganya zama: kumbukumbu zenye utaratibu za anga ambazo Babeli inasifiwa kwazo ni za karne nyingi baada ya Wasumeri. Sikatai kwamba kuhani wa Nanna aliweza kupanda juu kutazama mwezi unapoandama. Sisi wa pwani tunajua umuhimu wa kuuona mwezi mapema. Lakini muadhini naye huona mji wote kutoka juu ya mnara, na hakuna anayesema mnara ulijengwa kwa ajili hiyo.

Tukitaka kujua nyumba ya mungu ilikuwa na shughuli gani, tushuke chini ya mnara, maana huko ndiko maisha yalikokuwa. Zigurati haikusimama peke yake jangwani kama inavyoonekana sasa. Ilikuwa ndani ya ua mkubwa wenye kuta, pamoja na maghala, ofisi za waandishi na jengo la Giparu, makao ya kuhani mkuu wa kike wa Nanna. Cheo hicho ndicho alichokuwa nacho Enheduanna, binti wa mfalme Sargon, kabla ya zama za Ur-Nammu. Ndani ya Giparu ya zama zilizofuata Woolley alikuta jiko la hekalu: matanuri, kisima, na meza ya tofali ya kukatia nyama ambayo alama za visu bado zilionekana juu yake. Mungu alipikiwa kila siku. Alikuwa na mifugo, mashua, wafumaji, wavuvi na wapishi. Katika zama za Shulgi, mwana wa Ur-Nammu, palianzishwa karibu na mji wa Nippur kituo cha mifugo, Puzrish-Dagan, na maelfu ya mbao zake za udongo yanaonyesha kondoo, mbuzi na ng'ombe wakipokewa na kugawiwa, siku kwa siku, kwa mahekalu na kwa watumishi wa mfalme. Ukisimama mbele ya ngazi zile tatu huku unalijua jiko lile, huoni tena njia ya kwendea mbinguni. Unaona njia ya watumishi wa nyumba kubwa.

Mali hiyo ilivuka bahari. Ur-Nammu alijisifu kwamba alirudisha biashara ya mashua za Magan chini ya Nanna, na Magan ndiyo nchi tunayoiita leo Oman, iliyowapa Wasumeri shaba na mawe meusi magumu ya kuchongea sanamu. Msomaji wetu wa Maskati au Sur anaweza kuihesabu hiyo kuwa historia ya kwao.

Sasa nije kwenye watumwa, maana hapa ndipo dhana imeota mizizi zaidi, na hapa ndipo nina uchungu nayo zaidi. Picha tuliyopewa na filamu ni ya maelfu ya watu uchi kiunoni, wanyapara wenye mijeledi, na mfalme kivulini. Mbao za udongo za zama za Ur-Nammu na waliomfuata, makumi ya maelfu yake, zinaeleza utaratibu mwingine. Mwanamume mzima anayefanya kazi chini ya hekalu au dola aliandikiwa posho ya kawaida ya sila 60 za shayiri kwa mwezi. Sila moja ni karibu na lita moja. Mwanamke aliandikiwa sila 30. Watoto walipata mafungu madogo, na kila mwaka palitolewa sufu au nguo. Waliokodiwa kwa siku walilipwa zaidi ya hapo. Kipimo chenyewe kilisawazishwa: sheria zinazohesabiwa kuwa za Ur-Nammu zinamsifu mfalme kwa kuweka sila ya shaba na mawe ya mizani yaliyo sawa kwa wote. Kazi nayo ilipimwa. Katika hesabu walizofundishwa wanafunzi wa uandishi, fungu la siku la mfyatuaji mmoja lilikuwa matofali 240. Hata umbali wa kubeba ulihesabiwa, kwa kuwa anayebeba matofali mbali hubeba machache.

Mbao za mahali paitwapo Garshana zinaonyesha hilo kwa karibu. Ziko kama 1,400, zilichapishwa mwaka 2007, nazo ni za miaka ya mwisho ya dola hiyohiyo ya Uru. Hazihusu zigurati, zinahusu ujenzi katika milki ya jemadari mmoja na mkewe, binti wa ukoo wa kifalme. Lakini sheria za kazi ni zilezile. Mwandishi anaandika waliofika siku ile ni wangapi, wanaume kwa wanawake, nani amefyatua, nani amebeba, nani ameshika ukuta, na nani amelipwa nini. Wanawake wamejaa kwenye orodha zile. Walikuwa wakibeba matofali na udongo, kama wanavyobeba hadi leo kwenye majengo ya miji yetu, na kama hadi leo walipewa pungufu ya wanaume. Unaposema jengo limejengwa na watumwa wasio na majina, unawafuta mara ya pili.

Sitaki kueleweka vibaya. Sidai kwamba ule ulikuwa msaragambo wa watu wanaokuja kwa nyimbo na kuondoka kwa hiari. Sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa shokoa: raia alidaiwa na dola miezi ya mwaka, na asiyefika alitafutwa. Watumwa walikuwepo, na mateka wa vita walikuwepo, wengi wao wanawake katika vyumba vya kufumia. Sila 30 kwa mwezi kwa mwanamke anayebeba udongo ni kidogo. Wanyapara walikuwepo, na wanyapara ni wanyapara. Lakini shokoa yenye posho, zamu na daftari ni jambo moja, na kundi la watumwa wa mfalme mwendawazimu ni jambo jingine kabisa. La kwanza linaweza kuchunguzwa, kulaumiwa na kulinganishwa, kwa sababu lina hesabu. La pili ni hadithi inayotuzuia kuuliza ni nani hasa alilipa gharama.

Hata propaganda ya wafalme ina la kutufundisha. Gudea wa Lagash, aliyejenga hekalu la Ningirsu mjini Girsu karibu na zama hizohizo, aliandikisha habari za ujenzi huo kwenye silinda mbili kubwa za udongo. Zilipatikana palepale, mahali panapoitwa sasa Telloh, mwaka 1877 na sasa ziko kwenye makumbusho ya Louvre, na ni miongoni mwa matungo marefu kabisa ya Kisumeri yaliyosalia. Gudea anaeleza ndoto iliyomwagiza, mierezi iliyoletwa kutoka milimani, na tofali la kwanza alilolifyatua mwenyewe katika kalibu kwa asali na samli. Anadai pia kwamba siku zile mijeledi ililegezwa, na mikononi mwa wanyapara ikawekwa sufu laini. Simwamini kwa kila neno. Mfalme anayejisifu kwa kulegeza mijeledi anakiri kwamba siku nyingine haikulegezwa. Ila tazama alichoona kinafaa kujisifu kwacho. Aliona nyumba ya mungu iliyojengwa kwa viboko ni nyumba yenye doa. Watu waliosimuliwa hayo walikuwa na maoni juu ya namna kazi inavyopasa kufanywa, na mfalme aliyajua.

Ur-Nammu naye alijionyesha vilevile. Kwenye jiwe lake la kumbukumbu, ambalo vipande vyake viko Philadelphia, mfalme anatembea akiwa amebeba vifaa vya ujenzi begani, na mtu nyuma yake anamsaidia uzito. Na chini ya misingi ya mahekalu yake wachimbuzi wamekuta, ndani ya visanduku vya matofali, sanamu ndogo za shaba za mfalme mwenye kikapu cha udongo kichwani, amekishika kwa mikono yote miwili. Sanamu zile hazikuwekwa zionekane na umma. Zilizikwa. Aliyezifukia alitaka mungu, na mjenzi yeyote atakayechimba baadaye, amkute mfalme katika umbo la mbeba udongo, si la mtu anayepanda ngazi.

Kwenye matofali yenyewe pana mengine. Mengi yamepigwa muhuri wenye jina la Ur-Nammu, mfalme wa Uru, aliyemjengea Nanna nyumba. Kwenye baadhi ya matofali ya Uru yaliyohifadhiwa makumbusho pana nyayo za mbwa. Tofali lilikuwa limeanikwa kiwanjani, bado bichi, mbwa akapita juu yake. Mfyatuaji hakuona haja ya kulitupa, likakauka na nyayo zake.

Sasa niambie Waanunaki wanaingilia wapi. Zecharia Sitchin alipochapisha kitabu chake mwaka 1976, alichukua majina ya miungu ya Kisumeri akayageuza kuwa marubani, na video za leo zinamrudia bila kumtaja. Mbao za posho hazina rubani. Zina shayiri, mafuta, samaki, kikapu na idadi ya waliokosa kufika. Na sisi wa Afrika tungekuwa wa mwisho kuipokea hadithi hii, maana tumekwisha kufanyiwa. Great Zimbabwe ilisemwa kuwa kazi ya Wafoinike au ya Malkia wa Sheba, kwa kuwa walowezi hawakutaka kuamini kwamba Mwafrika aliweza kupanga mawe yale. David Randall-MacIver alilikana hilo mwaka 1905, Gertrude Caton-Thompson akalikana tena mwaka 1929 kwa ushahidi wa kuchimba, na bado serikali ya Rhodesia iliendelea kuulinda uongo kwa miongo kadhaa. Kijana wa Kiswahili anayesambaza video kwamba Wasumeri hawakuweza kujenga bila msaada wa sayari nyingine anatumia hoja ileile iliyotumiwa dhidi ya babu zake. Nasema hili kwa uzito wote: anayekubali kwamba watu wa Uru walihitaji wageni kutoka angani hana ngao tena akiambiwa watu wa Kilwa walihitaji wageni kutoka baharini.

Kuhusu maandiko matakatifu, sina ugomvi nayo. Kitabu cha Mwanzo kinawaonya watu juu ya kiburi, na onyo hilo halitegemei vipimo vya Uru. Tena mwandishi wake aliijua kazi ya mafundi wa nchi ile: anataja matofali ya kuchoma mahali pa mawe, na lami mahali pa chokaa, sawasawa na Woolley alivyokuta. Ugomvi wangu ni na sisi tunaolichukua onyo lililotungwa juu ya Babeli, tukalifanya taarifa ya wachimbuzi kuhusu minara iliyoitangulia kwa karne nyingi, kisha tukawafundishia watoto darasani kana kwamba hakuna mengine ya kusoma.

Yako mengine ya kusoma, na moja lilitoka ndani ya mnara wenyewe wa Uru. Mwaka 1854 J. G. Taylor, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko Basra, alichimba kwenye pembe za zigurati akakuta silinda ndogo za udongo zenye mwandiko wa kabari. Ni za Nabonidus, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala kuanzia 556 hadi 539 KK, miaka 1,500 na zaidi baada ya Ur-Nammu. Anaeleza kwamba alisoma maandishi ya wale waliomtangulia akajua kuwa Ur-Nammu aliuanza mnara bila kuumaliza, na Shulgi mwanawe akaumaliza. Anasema umezeeka, na kwamba ameutengeneza juu ya misingi ileile ya zamani, kwa lami na matofali ya kuchoma. Kisha anamwomba Nanna, mwenye nyumba, ampe yeye maisha marefu na kumwepusha na dhambi, na amtie mwanawe mkubwa, Belshaza, moyo wa kumcha.